Kigingi cha Pili

Kwao sikupajua, wala sikumwuliza. Sisi tulimwita Fundi, na pale Mikindani mtu akisema Fundi bila kuongeza neno, hakuna aliyedhani anasemwa seremala wa milango au mwashi wa visima. Alikuwa fundi wa kutundika picha. Najua vijana wa leo watacheka, watasema picha hutundikwa na yeyote mwenye msumari na nyundo. Waacheni wacheke. Hawakuishi katika nyumba zetu za miaka ile, ambazo kuta zake zilikuwa na tabia zao kama watu, na msumari uliopigwa kwa pupa uliondoka na pande la ukuta lenye ukubwa wa sinia.

Picha zenyewe zilikuwa chache. Mtu aliazima koti, akapaka nywele mafuta, akaenda kukaa mbele ya mpiga picha huku amebana pumzi, na sura ile aliyotoka nayo siku hiyo ndiyo iliyobaki sura yake maisha yote. Iliwekwa katika fremu ya mti mzito, ikafunikwa kioo kinene. Ikianguka ikachanika, basi imekwenda, maana hapakuwa na nyingine. Kwa hiyo watu walimwita Fundi, naye alikuja akiwa na kikapu chake cha ukindu begani, mrefu, mkavu, bega moja limeshuka kuliko jingine kwa sababu ya kikapu hicho.

Akifika hakutazama picha. Alitazama ukuta. Alivua viatu, akaupapasa kwa kiganja toka chini kwenda juu, kisha akagonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Nyumba nyingi zilikuwa za miti na udongo, zimepakwa chokaa juu, na asiyejua alipiga msumari penye udongo mtupu, akaondoka akijisifu, na wiki haikwisha picha iko sakafuni. Fundi aliitafuta nguzo iliyofichika ndani. Akiipata husema, "Hapa pana mtu." Asipoipata husema, "Hapa hamna mtu," na kusogea. Alisema kwa sauti ya chini, kwa adabu, kama anayepiga hodi kwa watu asiowajua.

Katika nyumba za mawe za wenye maduka kazi ilikuwa nyingine. Huko alitoboa shimo kwa tindo, akilisafisha vumbi kwa kulipuliza mpaka macho yakamtoka machozi, kisha akapigilia kigingi cha mpingo. Vigingi hivyo alivichonga mwenyewe na kuvianika juani mpaka vikakauka kabisa. Alikipiga kikielekea juu kidogo, ili uzito wa picha uzidi kukisukuma ndani badala ya kukivuta nje. Kamba aliipaka nta. Katani iliyoshikwa na mikono yenye mafuta ya kupikia hakuigusa, alisema panya ataila kwa harufu tu. Nyuma ya fremu, pembe za chini, aligandisha vipande vya kifuu, picha isigusane na ukuta ikanywa unyevu. Na kila picha aliilaza mbele kidogo kwa juu, kwa kuwa sisi tulikaa chini kwenye mikeka, na aliona si heshima mtu aliye ukutani awatazame wenzake kwa juu juu tu.

Kabla hajamaliza hakunywa chai ya mtu. Ukimletea kikombe alikitazama kama umemletea kesi. Lakini ming'oko, vile viazi vya mwituni, ilimshinda. Akisikia harufu ya ming'oko inachemka, yule yule aliyekuwa akikukaripia kwa kuzungumza wakati anagonga ukuta, alishuka kwenye kigoda, akaketi, akamenya, akala mpaka jua likapinda, na picha yako ikamngoja imeegemea mlango. Wanawake wa mtaa wetu tuliijua siri hiyo. Mtu aliyetaka kazi yake iishe mapema hakupika ming'oko siku hiyo.

Alikuwa na sheria zake. Aya ya Kurani hukaa juu ya kila kitu, na hakuna kitu kinachokaa juu yake. Ukuta wa kibla hautundikwi sura ya mtu. Juu ya kitanda cha mtoto haiwekwi fremu hata kama ukuta ni wa chuma. Na sheria aliyoishika kuliko zote ilikuwa hii: mtu aliye hai hutundikwa kwa kigingi kimoja, aliyekufa kwa viwili. Aliye hai, alisema, atashushwa. Atanenepa, atazeeka, atataka kupigwa picha nyingine, atahamia nyumba nyingine na sura yake. Aliyekufa hashuki tena, basi mpigie viwili akae.

Sijui kama alianza yeye desturi hiyo au aliikuta. Ninachojua ni kwamba sote tuliishika. Ukiingia nyumba ya mtu uliinua macho. Kamba ikiwa imekutana juu penye kigingi kimoja, mfano wa paa la kibanda, ulisema, "Hajambo huyu?" Kamba zikiwa mbili zimesimama wima, ulisema, "Mungu amrehemu," bila kuambiwa na mtu. Mpaka ikawa ndiyo lugha yetu. Habari za msiba zilipofika mtu aliuliza, "Keshapigwa cha pili?" na kila mmoja alielewa.

Ndiyo maana yalitokea yale ya Mtwara. Wakati ule bandari ilikuwa inajengwa, nyumba mpya za matofali ya saruji zinaota kila upande, na mafundi wametoka kila pembe ya nchi. Mzee mmoja wa kwetu alijenga huko, akamwita fundi mgeni amtundikie picha yake sebuleni. Mgeni wa watu akapiga misumari miwili, akaona ametenda wema. Jumamosi dada zake mzee wakaenda kumtazama ndugu yao katika nyumba mpya. Wakakaribishwa ndani, wakainua macho. Yule mkubwa akaketi chini pale pale mlangoni, akavua ushungi, akaanza kulia kwa sauti, na wenzake wakampokea. Majirani wakajaa. Mzee mwenyewe akatoka bafuni amejifunga kikoi, maji yanamtiririka, anauliza nani kafa. Dada yake alipomwona alikimbia mpaka barabarani.

Fundi alipoletewa hadithi hiyo hakucheka. Alikwenda Mtwara siku ya pili yake, akang'oa msumari mmoja bila kuitwa, akarudi. Tulimwuliza mzee alisemaje. "Alishukuru," akasema. "Alikuwa halali vizuri."

Nyumbani kwake mwenyewe hapakuwa na picha hata moja. Nilikwenda mara moja kumpelekea ujumbe, nikashangaa kuona kuta nyeupe tupu, safi, hazina hata tundu. Nilimwuliza. Akasema anashinda kutwa akitazamwa na watu asiowajua, akirudi kwake anataka kula bila kutazamwa. Mkewe aliyekuwa akipepeta mchele akasema kwa taratibu, "Mwongo huyo. Anaogopa kuchagua idadi ya vigingi." Fundi alijifanya hakusikia. Mashehe wengine walimwandama kwamba kazi yake ni ya sanamu na sura, na malaika hawaingii penye sura. Alikuwa mtu wa msikitini, hakuwajibu kwa ukali. Alisema, "Mimi nnapiga vigingi tu. Sura mnaweka wenyewe." Kisha akawatundikia aya zao bila kuchelewa.

Sasa niseme la kwangu, maana bila hilo nisingekuwa na sababu ya kumkumbuka namna hii.

Mume wangu alivuka Ruvuma pale Kilambo mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Alikwenda ng'ambo ya Mreno na mzigo wa nguo za kuuza, kama walivyofanya vijana wengi waliokuwa na jamaa huko. Alisema atarudi kabla ya korosho kuiva. Kabla ya kuondoka alipiga picha, akaipeleka kwa Fundi ikatiwe fremu, na Fundi akaja kuitundika kwa mama mkwe wangu, katika nyumba ambayo mimi pia nilikaa. Nguzo nene ya katikati, kigingi kimoja. Korosho ziliiva, zikaokotwa, zikauzwa. Zikaiva tena.

Maneno yalikuja, yakapishana. Mmoja alisema mtumbwi ulipinduliwa na kiboko. Mwingine alisema Mreno alimkamata akampeleka kazi ya nguvu mbali huko kusini. Mwingine aliapa kwamba alimwona sokoni kwa macho yake, mnene, ana mke. Hapakuwa na maiti wala salamu. Mimi sikuwa mke, sikuwa mjane. Kadhi alikwisha sema kwamba jambo langu lina njia yake katika sheria, niende tu nikaeleze, naye ataamua. Lakini ningekwendaje na mama yake yu hai, ananipenda, ananilisha kwa mikono yake, na kila asubuhi anafuta kioo cha picha ile kwa upindo wa kanga? Mtu wa Naliendele, mkulima mpole, aliwahi kutuma watu kuniulizia. Mama mkwe aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaonyesha ukuta kwa kidole. "Mumewe yule pale," akasema. "Hamwoni kigingi?" Wakaona. Wakaondoka. Yule mkulima alioa kwingine na simlaumu.

Hapo ndipo nilipoanza kumchukia Fundi. Maana kigingi kile kilikuwa chake. Na yeye, aliyekuwa akigombana na mtu kwa kamba isiyopakwa nta, aliiacha picha ile nzito kwenye kigingi kimoja miaka yote hiyo, kinyume na ujuzi wake mwenyewe. Alijua kwamba haikai salama. Kila baada ya mvua alikuja, akagonga, akatega sikio, akakaza kamba, akapachika kipande cha kifuu kipya, akaenda zake. Mama mkwe alimpokea kama mjumbe aliyeleta habari njema. Siku moja nilimfuata mpaka uwanjani.

"Fundi," nikamwambia, "picha ile itaanguka."

"Itaanguka," akakubali.

"Na unajua dawa yake."

Alihamisha kikapu toka bega moja kwenda jingine. "Mwanangu," akasema, "mimi si kadhi." Akaondoka. Nilibaki pale nimekasirika. Niliona kwamba wawili hao, mama mkwe na yeye, wamekula njama, na mimi ndiye ninayelipa kwa ujana wangu.

Miaka ikapita. Bandari ya Mtwara ikawa kitu cha kawaida, nyumba za saruji zikazidi, na wenye nyumba hizo walitundika wenyewe. Fundi akawa haitwi sana. Tulisikia kwamba macho yameingia ukungu. Nilianza kuona mvi zangu mwenyewe katika kioo cha picha ile, zikikaa juu ya uso wa kijana ambaye hakuzeeka.

Mara ya mwisho alikuja asubuhi, masika yamekwisha punde. Hakuna aliyemwita. Alikuwa akitembea huku mkono mmoja umegusa kuta za watu. Alivua viatu, akaingia, akagonga. Sauti iliyotoka hata mimi niliijua kuwa mbaya. Udongo ukamwagika kidogo miguuni pake, na ndani yake mlikuwa na mchwa. Akagonga nguzo ya pili, na ya baada yake, akauzunguka ukuta mzima. Kisha akaketi mkekani akaomba chai. Mama mkwe aliposikia ameomba chai kabla ya kazi, aliacha kufuta kioo, akaketi naye.

"Dada," Fundi akasema, "nguzo imeliwa."

"Basi mhamishe. Nguzo ziko nyingi."

"Nimegonga zote. Hakuna inayoweza kumbeba peke yake sasa. Mbili zikisaidiana zitambeba."

"Ukuta wa mlango, je?"

"Unaloa kila masika. Ataoza."

"Na ule?"

"Ule wa kibla, dada. Unajua."

Mama mkwe aliizungusha pete kidoleni. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo. "Unataka kumzika mwanangu, Fundi."

"Nnataka asivunjike." Alikiweka kikombe chini bila kunywa. "Mimi nnakwisha, unaniona. Kamba hii nimeikaza mwenyewe toka siku ile. Nisipokuja tena ataanguka, na hutakuwa na kaburi lake wala sura yake. Sema sasa, ningali nnaweza."

Mama mkwe alimtazama mwanawe pale ukutani. Nilidhani atamfukuza Fundi. Badala yake aligeuka akanitazama mimi.

"Na wewe unasemaje?"

Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeniuliza. Jibu nilikuwa nalo, nimelitayarisha siku nyingi, nimelisema peke yangu kisimani na shambani mpaka nikalihifadhi. Lilipotakiwa halikutoka. Nilimwona pale juu na koti lake la kuazima, mabega yamepanda kwa kubana pumzi, nikahisi kwamba neno langu ndilo litakalomshusha ndani ya mto. Nilikuwa nimeutaka uhuru wangu kwa nguvu hata nikasahau kwamba nilimtaka na yeye.

"Sitaki aanguke, Mama," nikasema.

Alitikisa kichwa kukubali. Akanyanyuka, akaishusha picha mwenyewe, akaipakata.

Fundi alitoboa matundu mawili katika nguzo mbili zilizokuwa na afadhali, akayapima kwa shibiri ili yalingane. Kigingi cha kwanza alikipiga. Cha pili nyundo ilimpiga kidole, akajaribu tena, ikamponyoka ikaanguka. Mkono ulikuwa unatetemeka na macho hayaoni kichwa cha kigingi. Alisimama kidogo akipumua. Kisha akaiokota nyundo akanipa mimi.

"Mimi nitashika," akasema. "Wewe piga."

"Nitakuumiza, Fundi."

"Huniumizi. Piga taratibu, sikiliza. Kikikaa utajua."

Nikapiga. Vidole vyake vilikuwa vimeshika kigingi bila kutikisika, mzee yule aliyekuwa akitetemeka sekunde ile iliyopita. Mwanzo sauti ilikuwa ya juu juu, nyepesi. Nikaendelea, ikawa nzito, ikaingia ndani ya mti, mpaka nikaisikia katika kiwiko changu. Akaondoa mkono. Kilikuwa kimekaa. Mama mkwe akatukabidhi picha, akasimama chini yake, akaangalia zile kamba mbili zilivyonyooka. Aligusa pembe ya fremu kwa kidole, akaisukuma kidogo. Haikucheza.

"Kesho tutakwenda kwa kadhi," akaniambia bila kugeuka. "Mimi na wewe. Mimi ndiye nitakayesema."

Nilimtoa Fundi mpaka mlangoni. Alikuwa akitafuta viatu kwa mguu, nikainama nikamsogezea. Sikuwa na hasira tena, ila nilitaka kujua.

"Ukuta ulikuwa mbovu toka zamani," nikasema. "Mbona hukumwambia mapema? Ulimwonea huruma yeye tu?"

"Yeye?" Akavaa kiatu kimoja, akasimama akiwa ameshika kizingiti. "Aliileta picha mwenyewe, mumeo, siku moja kabla ya kuvuka. Akaniambia, Fundi, usiikaze sana. Nikirudi nitaishusha, nikapige nyingine na mke wangu." Akavaa cha pili. "Na mimi nilikuwa nnamngoja, mwanangu."

Mimi mume wangu hakuniambia hilo. Siku ile ya kuondoka kwake tuligombana kwa jambo dogo la mzigo, tukaagana kwa haraka, na sikujua kwamba alitaka nikae naye ndani ya fremu moja. Fundi akanipa mkono, akashika ukuta wa jirani, akaenda akiupapasa. Nilirudi ndani nikaketi mkekani chini ya picha, mama mkwe akaketi kando yangu, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu avuke mto, nikamlilia mume wangu.